Benchi la Portland, Uwanja wa Milwaukee

Wasikilizaji, tuanzie Athens, Machi 1989. Ni fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya katika mpira wa kikapu, Real Madrid wanapambana na Caserta ya Italia. Kijana mmoja kutoka Šibenik, mji wa pwani ya Kroatia iliyokuwa bado ndani ya Yugoslavia, anafunga pointi 62 peke yake, na Madrid wanaondoka na kombe. Jina lake Dražen Petrović. Kabla ya hapo alikwishaipa Cibona ya Zagreb ubingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, 1985 na 1986. Barani Ulaya hakukuwa na mfungaji aliyeogopwa kama yeye.

Miezi michache baadaye mtu huyohuyo alikuwa ameketi kwenye benchi la Portland Trail Blazers, nchini Marekani, taulo begani, akiwatazama wenzake wakicheza. Msimu wake wa kwanza katika NBA alipewa wastani wa dakika 12 kwa mechi. Msimu wa pili ukawa mbaya zaidi, maana dakika zilishuka hadi saba. Portland ilikuwa timu kubwa, timu iliyofika fainali mwaka 1990, na nafasi zake za nje zilikuwa mikononi mwa Clyde Drexler na Terry Porter. Hakuna kocha ambaye angewatoa hao wawili ili kumfundisha mgeni.

Januari 1991 Petrović aliuzwa kwa New Jersey Nets, timu iliyokuwa imezoea kufungwa. Na hapo ndipo Wamarekani walipomfahamu. Msimu wa 1991-92 alifunga wastani wa pointi 20.6, na Nets wakaingia katika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1986. Msimu uliofuata alifikisha pointi 22.3 na kuchaguliwa katika kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi nzima. Tarehe 7 Juni 1993 alifariki katika ajali ya gari nchini Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 28.

Mkono ulikuwa uleule, na shabaha ileile. Kilichobadilika ni dakika alizopewa.

Swali linaloulizwa kila mwaka majira ya Juni, wakati wa drafti ya NBA, siku timu zinapochagua wachezaji wapya, ni hili: je, ligi hiyo humkuza mchezaji wa Ulaya au humpoteza? Wengi hujibu kwa mifano ya majina makubwa. Mmoja atamtaja Dirk Nowitzki aliyefanikiwa, mwingine atamtaja Darko Miličić aliyepotea, na ubishi utakwenda hadi usiku wa manane. Lakini ukizipanga safari hizo zote pamoja, kuanzia 1989 hadi leo, kuna jambo linalojitokeza mara nyingi mno kiasi kwamba haliwezi kuwa bahati tu. Kinachoamua hatima ya kijana, kuliko namba yake katika drafti au jina la jiji analokwenda, ni kama timu ile ina nafasi iliyo wazi. Timu mbovu, kwa ubovu wake, humlea kijana. Timu bingwa humweka kivulini, kama mche uliopandwa chini ya mwembe mkubwa.

Hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa vijana wawili waliochukuliwa wakiwa na umri wa miaka 18, kwa tofauti ya miaka kumi.

Wa kwanza ni huyo Miličić, Mserbia aliyetoka klabu ya Hemofarm ya mji mdogo wa Vršac. Mwaka 2003 alichaguliwa wa pili, nyuma ya LeBron James, na mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Kwa kawaida chaguo la pili huenda kwa timu iliyofanya vibaya. Lakini mwaka ule lilikuwa mikononi mwa Detroit Pistons, waliolipata kupitia mabadilishano ya zamani na timu ya Grizzlies. Kwa hiyo kijana aliyetimiza miaka 18 siku chache tu kabla ya hapo alitua katika timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi 50, chini ya kocha Larry Brown, mtu asiyejulikana kwa subira na wanafunzi wapya. Chini ya ringi alikuwapo Ben Wallace, na katikati ya msimu akaongezwa Rasheed Wallace. Miličić aliingia uwanjani mara 34 tu katika msimu mzima, chini ya dakika tano kila mechi. Detroit wakatwaa ubingwa wa 2004, naye akavaa pete bila kutoa jasho. Februari 2006 alipelekwa Orlando, na tangu hapo akahama kutoka timu moja hadi nyingine mpaka alipocheza mechi yake ya mwisho ya NBA mwaka 2012. Alirudi Serbia akawa mkulima wa matunda.

Haki itendeke: Miličić mwenyewe, alipohojiwa miaka mingi baadaye, alikataa kujificha nyuma ya kisingizio cha benchi. Alikiri kwamba alikwenda na kiburi na kwamba mwenendo wake haukuwa wa mtu anayetaka kujifunza. Maneno hayo yanastahili heshima. Hata hivyo, kijana wa miaka 18 mwenye kiburi ni jambo la kawaida duniani kote, na dawa yake ni kucheza mbele ya watu wazima wanaomfunga na kumwaibisha hadi ajifunze. Detroit hawakuwa na muda wa kumpa dawa hiyo.

Sasa mtazame wa pili. Giannis Antetokounmpo, mtoto wa wazazi Wanigeria aliyezaliwa na kukulia Athens, alichaguliwa wa 15 mwaka 2013 na Milwaukee Bucks. Alikuwa akichezea Filathlitikos, timu ya daraja la pili la Ugiriki. Kwa uzoefu hakumfikia hata Miličić. Alikuwa mwembamba, na bado alikuwa akirefuka hata baada ya kufika Marekani. Lakini Milwaukee ya msimu ule ilikuwa timu ya kuhuzunisha: ilishinda mechi 15 na kupoteza 67. Timu ya namna hiyo haina cha kupoteza ikimwacha mtoto akosee. Giannis alicheza mechi 77 kwa wastani wa karibu dakika 25, akifunga pointi 6.8 tu. Alipoteza mipira, aliruka ovyo, alirukiwa, na kesho yake akacheza tena.

Fuatilieni hesabu zake: 6.8, kisha 12.7, kisha 16.9, kisha 22.9, kisha 26.9. Mnamo 2016 kocha Jason Kidd alimkabidhi mpira auongoze yeye mwenyewe, mtu mrefu vile, kazi ambayo kwa kawaida hupewa wafupi wenye mikono myepesi. Mwaka 2019 na 2020 akawa mchezaji bora wa msimu. Mwaka 2021 akaifungia Milwaukee pointi 50 katika mchezo wa sita wa fainali na kuipa ubingwa. Mwandishi wa makala haya anashikilia kwamba laiti vijana hawa wawili wangebadilishana timu, tungekuwa tunasimulia habari nyingine kabisa.

Kwa nini dakika ziwe na uzito mkubwa hivyo? Sababu ipo katika jinsi ligi zenyewe zinavyoendeshwa. Klabu ya Ulaya hucheza mechi mbili au tatu kwa wiki na siku zinazobaki hufanya mazoezi, mara nyingine asubuhi na jioni, watano kwa watano, kocha akipuliza filimbi kila anayekosea hatua. Kijana asiyecheza mechi bado anapata shule yake mazoezini. Katika NBA timu hucheza mechi 82 ndani ya takribani miezi sita, ikiruka kwa ndege kutoka pwani hadi pwani, na kufikia katikati ya msimu mazoezi kamili ya timu nzima huwa adimu, kwa sababu miili imechoka. Darasa la NBA ni mechi yenyewe. Asiyeingia uwanjani hakosi mechi tu, amekosa na darasa pia.

Kinachobaki kwa wa benchini ni kazi ya mtu mmoja mmoja, na hapo, tukubali, Marekani haina mpinzani. Kuna kocha wa kutupa, kocha wa viungo, mtaalamu wa chakula, watu wa kuchambua video za kila hatua yako. Miili hujengwa. Mtupo wa pointi tatu hurefushwa pia, kwa sababu mstari wa NBA uko mita 7.24 kutoka kwenye ringi, wakati ule wa kimataifa ni mita 6.75. Mchezaji aliyefika akiwa na kifua chembamba huondoka akiwa na mabega ya bondia.

Halafu kuna sheria. Katika NBA beki asiyemkaba mtu haruhusiwi kusimama zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo la chini ya ringi. Sheria hiyo haipo katika mchezo wa kimataifa. Ulaya, watu warefu hujipanga pale chini kama walinzi wa lango, na anayetaka kufunga lazima afikiri kwanza: pasi iende wapi, nani akimbilie ringini, nani amzibe beki njia. Ndiyo maana Luka Dončić, baada ya kuonja huku na huku, alisema wazi kwamba kufunga katika NBA ni rahisi kuliko Ulaya. Watu walishangaa. Lakini alikuwa na haki ya kulisema hilo kuliko mtu yeyote.

Dončić, Mslovenia wa Ljubljana, aliingia timu ya kwanza ya Real Madrid akiwa na miaka 16. Mwaka 2017, akiwa na miaka 18, alikuwa pamoja na Goran Dragić wakati Slovenia ilipotwaa ubingwa wa mataifa ya Ulaya. Mei 2018 akashinda EuroLeague, mashindano makubwa ya klabu za Ulaya, na kuchaguliwa mchezaji bora wa msimu na wa hatua ya mwisho pia. Alipochaguliwa wa tatu mwaka ule, baadhi ya Wamarekani walitilia shaka kasi yake. Alikwenda Dallas, timu iliyokuwa imeshinda mechi 24 tu, akapewa mpira siku ya kwanza, na akafunga wastani wa pointi 21.2. NBA haikumfundisha Dončić kucheza. Ilimpa uwanja mpana wa kuonyesha alichofundishwa Madrid na watu waliomzidi miaka kumi na mitano.

Nikola Jokić naye alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, usiku ambao wengi hawakumtazama, na akafanya jambo ambalo mawakala wengi hulikataa: alibaki nyumbani mwaka mmoja zaidi. Msimu wa 2014-15 akawa mchezaji bora wa Ligi ya Adriatiki. Ndipo akaenda Denver, timu iliyoshinda mechi 30 tu kabla hajafika. Hata hapo mambo hayakunyooka mara moja. Denver walikuwa na senta mwingine kijana, Jusuf Nurkić wa Bosnia, wakajaribu kuwachezesha pamoja na ikashindikana. Desemba 2016 kocha Michael Malone akaamua kwamba senta ni Jokić. Miezi miwili baadaye Nurkić akahamishiwa Portland, naye akachanua huko. Kizuizi kimoja kiliondolewa, wakafunguka wachezaji wawili. Jokić ameshinda tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara tatu, 2021, 2022 na 2024, na ubingwa wa 2023.

Rudy Gobert wa Ufaransa alipita njia hiyohiyo. Msimu wake wa kwanza Utah alicheza chini ya dakika kumi kwa mechi na akapelekwa hadi ligi ndogo, Bakersfield. Februari 2015 Enes Kanter, aliyekuwa akigawana naye nafasi, akaondoka. Gobert tangu hapo amechaguliwa beki bora wa ligi mara nne.

Na hapa msikilizaji wa Dar es Salaam atakuwa amekwisha kumkumbuka Hasheem Thabeet. Mtanzania huyo alichaguliwa wa pili mwaka 2009, namba ileile ya Miličić, na Memphis Grizzlies. Memphis haikuwa timu kubwa, ilikuwa imeshinda mechi 24. Kwa hesabu ya haraka, angecheza. Lakini nafasi yake ya senta haikuwa wazi: ilikuwa ya Marc Gasol wa Hispania. Huyu Gasol alichaguliwa wa 48 mwaka 2007, hakukimbilia Marekani, akabaki Girona na kuwa mchezaji bora wa ligi ya Hispania, kisha akatua Memphis 2008 akiwa na miaka 23, mwili na akili vimekomaa. Thabeet alibakiwa na dakika kama 13 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa ligi ndogo, Dakota, mchezaji aliyechaguliwa juu kuliko wote waliowahi kushushwa hadi wakati ule. Gasol akaja kuwa beki bora wa ligi mwaka 2013. Tulimlaumu sana Hasheem vijiweni. Kidogo tu tulizungumzia aliyekuwa mbele yake, na namna huyo alivyopikwa huko alikotoka.

Kundi jingine ni la waliovuka bahari wakiwa wamekwisha kuwa wafalme. Septemba 2006, huko Saitama, Japani, Vassilis Spanoulis aliifungia Ugiriki pointi 22 walipowatoa Wamarekani 101 kwa 95 katika nusu fainali ya dunia. Wiki chache baadaye alikuwa Houston, ambako alicheza mechi 31 na kufunga wastani wa pointi 2.7. Akarudi Athens baada ya mwaka mmoja, na katika miaka iliyofuata akashinda EuroLeague mara tatu, 2009, 2012 na 2013, kila mara akiwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho. Je, mtu huyu alishindwa? Alishindwa kupata dakika Houston. Mpira wa kikapu haukumshinda hata siku moja.

Sasha Vezenkov alikuwa mchezaji bora wa EuroLeague mwaka 2023 akiwa Olympiacos. Sacramento ilimpa dakika 12, na mwaka 2024 akarudi alikotoka. Vasilije Micić, aliyeipa Anadolu Efes ya Istanbul ubingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, alikwenda Oklahoma City 2023, timu iliyoshinda mechi 57 msimu ule. Alikaa benchi. Februari 2024 akauzwa kwa Charlotte, iliyomaliza na ushindi 21, na ghafla akawa anacheza dakika 27 kwa mechi. Mtu yuleyule, msimu uleule. Mwaka 2025 naye akarudi katika EuroLeague.

Wapo wanaoipinga hoja hii, na wana mfano mzuri: Tony Parker. Mfaransa huyo alichaguliwa wa 28 mwaka 2001 na San Antonio Spurs, timu iliyokuwa na Tim Duncan na David Robinson, na akiwa na miaka 19 tu kocha Gregg Popovich alimpa uongozi wa mpira tangu wiki za mwanzo. Akashinda ubingwa mara nne. Kweli kabisa. Lakini Spurs walikuwa na majitu mawili chini ya ringi, huku nafasi ya mchezeshaji ikihitaji mwenyewe. Vivyo hivyo Vlade Divac alifika Los Angeles Lakers 1989, majira yaleyale Kareem Abdul-Jabbar alipostaafu. Toni Kukoč alifika Chicago 1993, msimu ambao Michael Jordan aliondoka kwa mara ya kwanza. Timu kubwa nayo hulea, pale kiti kinapokuwa kitupu.

Dakika peke yake nazo si muujiza. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, alifunzwa Hispania katika klabu ya Fuenlabrada kabla ya kuchaguliwa wa saba mwaka 2011 na kutua Charlotte. Timu hiyo ilishinda mechi saba na kupoteza 59 msimu ule, na kwa uwiano hakuna timu katika historia ya NBA iliyofanya vibaya zaidi. Biyombo alicheza, tena sana. Ulinzi wake ukakomaa na ukampa maisha ya zaidi ya misimu kumi katika ligi. Ufungaji haukukua kwa kiasi kile, kwa sababu alianza kikapu akiwa amechelewa na misingi ya kufunga hujengwa mapema, kwa mazoezi mengi ambayo ratiba ya NBA haina.

Mfaransa Victor Wembanyama, ambaye asili ya baba yake ni Kongo, anaonekana kulielewa hilo kabla hata ya kuvuka. Mwaka 2022 aliiacha ASVEL, klabu iliyokuwa katika EuroLeague, akaenda Metropolitans 92, klabu ndogo zaidi ambako kocha Vincent Collet alimjengea timu nzima. Akawa mchezaji bora wa ligi ya Ufaransa na kuifikisha klabu hiyo fainali. Mwaka 2023 alichaguliwa wa kwanza, akaenda San Antonio iliyokuwa imeshinda mechi 22. Hakukalishwa benchi.

Kuna wanaosikitika kwamba Ulaya inanyonywa vipaji. Mwandishi anawaelewa, maana klabu iliyomlea kijana tangu ana miaka 12 humwona akiondoka kabla haijavuna. Lakini tazameni Ujerumani ya 2023 huko Manila, katika Kombe la Dunia. Dennis Schröder, Franz Wagner na Daniel Theis walileta nguvu na ujasiri wa NBA. Na usiku walipowafunga Wamarekani 113 kwa 111, aliyefunga pointi nyingi kuliko Wajerumani wote, 24, alikuwa Andreas Obst wa Bayern Munich, ambaye hajawahi kucheza hata mechi moja ya NBA. Timu ile ilikuwa bingwa wa dunia kwa sababu ilikuwa na watu wa shule zote mbili.

Basi, wasikilizaji, na hasa nyinyi wazazi na makocha wenye vijana warefu huko Lubumbashi, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam: wakala akija na mkataba wa Hispania au wa Marekani, kabla ya kuuliza mshahara, mwombeni orodha ya wachezaji wa timu hiyo. Muulizeni nani anacheza nafasi ya kijana wenu, ana umri gani, na mkataba wake unaisha lini. Akishindwa kujibu, mwambieni arudi akiwa na majibu.